Kucha Kumi za Okwara, Mkata Miwa wa Musanda

Nyinyi mnaobeba beseni na tupa pale sokoni Kakamega, kila nikipita mnanishika mkono kwa swali lile lile: "Mzee, dawa gani ya fangasi ya kucha ni bora?" Nikianza kujibu, mteja anafika, mnaniacha na maneno mdomoni. Basi leo nimeketi chumbani kwangu Shieywe nikaandika. Mteja akifika, karatasi itangoja.

Mjue kwanza mnamwuliza nani. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu barabara ilipita mbele ya dirisha la darasa letu, na kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Nimekata miwa. Nimepukuchua mahindi Lugari. Nimefyeka njia za watalii msituni Buyangu, mpaka nyani akaniibia chakula siku tatu mfululizo nikaona heri nimwachie na kazi yenyewe. Hakuna kazi iliyonishika zaidi ya miaka miwili, ila hii ya miguu. Hii ilinishika ishirini na mitatu, na sababu ni kwamba mguu wa mtu hauishi maswali.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Rukia wa Mumias. Nilijikinga mvua barazani kwake nikiwa sina mbele wala nyuma, yeye anamsugua mteja visigino.

"Salaam aleikum, mama," nikasema.

"Aleikum salaam. Una mikono miwili na hakuna ilichoshika. Shika beseni."

Nikashika. Mvua ilikatika, sikuondoka.

Bi Rukia alichemsha vyombo vyake kila jioni kama mtu anayepika maharagwe. Mimi niliona ni uvivu wa aina fulani, kukaa kutazama sufuria. Nilipoanza kuzunguka peke yangu nilikuwa na tupa moja nzuri, na niliitumia toka mguu hadi mguu, nikiifuta kwa kitambaa. Baada ya miezi kadhaa wanawake watatu wanaouza mboga mstari mmoja walinionyesha kidole kile kile, kikiwa na rangi ile ile. Nilienda mbio kumweleza Bi Rukia kwamba kuna ugonjwa mpya umeingia sokoni.

"Ugonjwa huo una mfuko wa kijani begani na unaitwa wewe," akasema.

Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote: chemsha chuma, na tupa ya karatasi mpe mteja aende nayo kwake. Ni senti kidogo. Hakuna matibabu rahisi kuliko fangasi ambayo hukuipeleka.

Sasa nije kwa Okwara, maana yeye ndiye aliyenifundisha habari za dawa, ingawa yeye anadhani mimi ndiye niliyemfundisha.

Okwara alikuwa mkata miwa huko Musanda, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono kama majembe. Nilifika kwake wiki chache baada ya Pasaka, nikizunguka nyumba kwa nyumba. Mkewe Nanjala aliniita. Nilimaliza miguu yake ya visigino vilivyopasuka, nikamgeukia mzee.

"Mimi sina shida, fundi," akasema, akirudisha miguu chini ya kiti. Alikuwa amevaa soksi nzito, na jua lilikuwa la kukausha mahindi.

"Baba Felista, toa soksi," Nanjala akasema. "Mtu ametoka barabarani na beseni kichwani. Unadhani amekuja kuona uso wako?"

"Wacha mgeni apumzike."

"Hapumzikangi huyo, anakula kwa miguu ya watu. Toa soksi, ama nimwambie mambo ya Alhamisi Kuu."

Okwara alizidi kuificha miguu chini ya kiti. Nanjala akaniambia hata hivyo.

Katika kanisa lao dogo, kila Alhamisi Kuu, Padri huwaosha miguu watu kumi na wawili kama Bwana Yesu alivyowaosha mitume. Jumuiya huwachagua kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Zamu ya Okwara ilipofika mara ya kwanza alisema ana malaria. Mwaka uliofuata, ndiyo Pasaka hiyo iliyokuwa imepita, alisafiri ghafla kwenda Lugari kumwona dada yake ambaye hakuwa amemwita. Watu si wajinga. Walianza kusema kwamba mtu anayekimbia maji ya Alhamisi Kuu ana jambo moyoni. Wengine walitaja mpaka wa shamba: labda aliusogeza. Nanjala alikuwa akifika kisimani na mazungumzo yanakatika.

"Katekista amekuja hapa mwenyewe," Nanjala akasema. "Amesema Pasaka ijayo ni mara ya mwisho. Akikataa tena, zamu yetu itarukwa, na hawatapiga hodi tena. Huyu mtu hajawahi kuchukua hata muwa wa mwenyewe kutafuna njiani! Sasa anaitwa mwizi wa mashamba kwa sababu ya kucha."

Okwara akatoa soksi.

Vijana, nimeona kucha. Hizo zilikuwa njano kama mahindi yaliyolala ghalani misimu miwili. Baadhi zilimumunyuka kama chaki. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kibaya kuliko vyote, kimenenepa na kupinda kama pembe ya kondoo dume.

"Padri huosha mguu gani?" nikauliza.

"Wa kulia tu," Okwara akasema. "Watu ni kumi na wawili, na maji tunabeba kwa ndoo."

"Tuna mwaka mzima kasoro wiki chache. Kucha ya mguu hukua polepole kuliko bei ya sukari, lakini hukua. Tutaanza leo."

Hapo ndipo tabia yangu ya maswali iliponipanda kichwani. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja anaapa kwa siki, mwingine kwa balmu ya kifua, mwingine kwa krimu ya mashilingi, yale mabaka ya duara ya ngozi, mwingine kwa ile rangi ya dawa ya kupaka kuchani ambayo chupa yake ndogo ilikuwa bei ya jogoo mzuri. Sikuwahi kupata mtu mwenye kucha za kutosha na subira ya kutosha kunionyesha ipi inafanya kazi. Na mbele yangu vilikuwepo vidole kumi vya mtu mmoja, mwenye buti moja, jasho moja na mke mmoja wa kumsimamia.

Nikavigawa. Kidole kidogo cha kulia, siki. Kinachofuata, balmu. Cha katikati, krimu ya kupaka. Kinachofuata, nikakiacha bila kitu ili nijue kucha isiyotibiwa inafanyaje. Gumba la kulia, rangi ya dawa. Mguu wa kushoto nao vivyo hivyo, na gumba lile la pembe nikalipa rangi ya dawa kwa wingi, maana niliona lina shida zaidi.

"Mguu wa mume wangu umekuwa shamba la majaribio," Nanjala akasema. "Mwisho wa mwaka mtaita wakulima waje kuona?"

"Wakija watalipa kiingilio," Okwara akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Nawapa hapa ujuzi mmoja wa bure. Ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi, usitazame rangi ya kucha, maana iliyooza haiponi. Inasukumwa nje na mpya. Chukua tupa, kwaruza alama ndogo pale ambapo sehemu safi inakutana na sehemu mbaya. Mwezi ujao rudi. Kama alama imesogea mbele na nyuma yake ni safi, unashinda. Kama ubaya umeivuka alama kurudi nyuma, unapoteza pesa za mtu.

Nilirudi Musanda kila mwezi. Siki haikufanya lolote isipokuwa Okwara kunuka kachumbari, na paka wa nyumbani kumfuata. Balmu ililainisha ngozi, alama ikabaki palepale. Krimu ni dawa nzuri ya fangasi ya ngozi katikati ya vidole, na huko ilifanya kazi vizuri sana. Lakini kucha ni kama bati, unapaka juu na chini kunabaki vilevile. Rangi ya dawa kwenye gumba la kulia ilianza kusogeza alama, kidogo, kidogo. Kisha mvua zilipozidi, ubaya ukarudi na kuivuka. Lile gumba la kushoto, ambalo lilikunywa nusu ya chupa, halikutikisika hata kwa unywele.

Hadi Agosti tulikuwa tumenunua chupa tatu. Okwara alikuwa na kondoo mmoja, na mtu fulani wa kupita alikuwa amemwahidi tembe za kumaliza kila kitu kwa bei ya kondoo huyo. Alikuwa ameshamfunga kamba.

"Ngoja," nikamwambia. "Kabla hujauza mnyama, twende kwanza tuulize mtu anayejua."

Nilimjua Shikuku, mtu wa maabara katika hospitali moja mjini, kwa sababu nilikuwa nikimsumbua kwa maswali tangu zamani. Nilimwambia habari ya shamba letu la majaribio nikitarajia sifa. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo umetibu kucha kumi miezi mitatu," akasema. "Na ulijua aje ni fangasi?"

"Nimeziona."

"Umeziona. Mimi nimefanya hii kazi miaka yote na siwezi kujua kwa kuona. Kucha nyingi nene ambazo mnaniletea hapa si fangasi hata kidogo. Na sasa mmezipaka kila kitu cha dukani, nikikata leo dawa itaficha fangasi. Rudini nyumbani. Wiki kadhaa bila kupaka kitu, hata mafuta."

Okwara alinitazama pembeni. "Hata siki, fundi?"

"Hata siki," nikasema, na paka akakosa rafiki.

Tuliporudi, Shikuku alikata vipande kutoka ndani kabisa karibu na nyama, akakwangua unga wa chini ya kucha, akaweka kila kidole kwenye karatasi yake. Kipimo hicho kilikuwa bei ndogo kuliko chupa moja ya rangi ya dawa. Nirudie? Chupa moja. Tulikuwa tumenunua tatu.

Majibu yalikuja: mguu wa kulia, fangasi. Vidole vidogo vya kushoto, fangasi. Gumba la kushoto, hakuna kitu.

"Hakuna?" nikashtuka. "Lile ndilo baya kuliko yote!"

"Hilo limegongwa," Shikuku akasema. "Linagongwa kila siku kwa miaka, mpaka shina la kucha limeharibika. Ungelipaka rangi hadi kiama. Mzee, unavaa kiatu gani?"

"Gambuti, hizi za mpira."

"Namba ngapi?"

Okwara akafikiria. "Inategemea mguu gani," akasema.

Sikuelewa jibu hilo mpaka tulipofika kwake. Mvua ilikuwa inanyesha. Mlangoni palikuwa na gambuti jozi moja, ambazo Okwara alikuwa amezivua asubuhi kwa ajili ya kwenda mjini na viatu vya kanisani. Nanjala akatoka na ndoo, akatumbukiza miguu ndani ya gambuti hizo, akaenda kukamua ng'ombe. Aliporudi akazivua, na shemeji yake aliyekuwa akipanda mboga nyuma akazivaa akaenda zake.

Miezi mitano nilikuwa nimevuka gambuti hizo kila nikiingia. Nilizikwepa kwa adabu.

Aliporudi shemeji nilizichukua nikazigeuza. Ya kulia ilikuwa namba kumi. Ya kushoto ilikuwa namba nane.

"Mayi!" Nanjala akacheka hadi akashika mlango. "Hiyo ya kushoto mbwa alibeba ile ya kwanza. Huyu akapata nyingine moja kwa jirani, ambaye pia mbwa alimwachia moja. Wakasema Mungu ni mwema."

"Ni gambuti za nyumba," Okwara akajitetea. "Kila mtu anafanyanga hivyo. Nani ana gambuti yake peke yake? Mkubwa wa kiwanda?"

Na ni kweli. Nilipozunguka Musanda nikiangalia milango, karibu kila nyumba ilikuwa na jozi moja ya mlangoni: baba anaivaa shambani, mama zizini, na anayebaki anavaa kwenda chooni. Ndani mna unyevu na joto mchana kutwa. Nilimwomba Nanjala anionyeshe tena miguu yake. Nilikuwa nimeisugua visigino mara nne bila kutazama mbele. Kidole chake kidogo kilikuwa cha njano.

"Kumbe na mimi ni shamba," akasema.

Basi tukafanya hesabu upya, na hii ndiyo hesabu ninayotaka muishike. Okwara alimwona daktari, akapimwa damu kuhakikisha ini lake lina nguvu, kisha akaandikiwa tembe za kumeza kila siku kwa miezi mitatu. Ukiuliza bei ya tembe kwa mara moja, ni mzigo. Lakini ukijumlisha siki, balmu, krimu na chupa tatu, tulikuwa tumeshaupita mzigo huo tukiwa bado na fangasi. Dawa ya bei nafuu isiyofika chini ya kucha ni ghali kwa sababu utainunua daima. Rangi ya dawa siikatai: kama ni kucha moja au mbili, zimeanza ncha tu, na shina ni safi, ianze hiyo, hasa kwa mtu ambaye daktari amemkataza tembe kwa sababu ya ini au dawa nyingine anazomeza. Kidole cha Nanjala kilipona kwa rangi pekee. Ilichukua muda mrefu, lakini alipaka bila kuruka, naye ni mtu asiyesahau kitu, hata mambo ambayo mumewe angependa asahau.

Na kondoo? Aliuzwa. Sehemu ilinunua tembe. Sehemu ilinunua jozi mbili mpya za gambuti, za Okwara namba kumi miguu yote, za Nanjala namba sita. Zile za zamani zilichomwa nyuma ya jiko, na moshi wake ulimfukuza hata shemeji aliyekuja kulalamika kwamba sasa atavaa nini. Ukiniuliza ni pesa gani kati ya hizo zote ilifanya kazi kubwa zaidi, nitakuambia kipimo cha Shikuku kwanza, gambuti ya pili, tembe ya tatu. Tembe bila gambuti mpya ingeponya mguu mwezi Desemba na kuurudisha kwenye fangasi mwezi Machi.

Daktari alipomaliza na tembe, kazi iliyobaki ilikuwa yangu: kupunguza, kulainisha, kukwaruza alama na kungoja. Mwaka mpya ulipoingia, alama zilikuwa zinatembea. Nilikuwa nikifika Musanda, Okwara anatoa soksi kabla sijatua beseni. Jirani akipita anamwita aje atazame.

Wiki ya Pasaka nililala kwao. Nanjala alipika obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, tukala hadi tukalegea. Jumatano nilifanya kazi ya mwisho kwenye mguu wa kulia. Kucha za vidole vinne vidogo zilikuwa safi kama za mtoto. Gumba lilikuwa safi zaidi ya nusu, na ile ncha mbaya niliikata na kuisawazisha mpaka ungehitaji kuinama sana kuiona. Nilijivunia mguu ule kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza. Gumba la kushoto lilibaki kama lilivyokuwa. Shina likiharibika namna ile, kucha haisahau. Nililipunguza unene, nikaliacha.

"La kushoto halina neno," nikamwambia. "Litakaa ndani ya kiatu. Wewe toa la kulia tu."

"Nimesikia, fundi."

Alhamisi Kuu nilikaa kiti cha tatu kutoka mbele. Nakiri kwamba sikusali. Nilikuwa natazama viatu. Wale kumi na wawili walipanda mbele mmoja mmoja wakakaa kwenye benchi, na Okwara alipopita katikati ya watu nilisikia minong'ono ikipita naye kama upepo kwenye miwa. Katekista alimwangalia mpaka alipokaa. Nanjala alikuwa amenishika mkono kwa kucha zake zote kumi.

Padri alianza upande mmoja wa benchi, amefunga taulo kiunoni, akipiga magoti mbele ya kila mtu. Mguu wa kulia, maji, taulo, anayefuata. Mguu wa kulia, maji, taulo. Alifika kwa Okwara, akanyoosha mkono.

Okwara akainama, akafungua kamba za kiatu cha kushoto.

Nilitaka kupiga kelele. Nanjala alinifinya nikatulia. Alivua kiatu, akavua soksi, akauweka mguu ule juu ya beseni mbele ya kanisa zima, na lile gumba lake kama pembe ya kondoo. Padri alisita kidogo, akautazama mguu, akamtazama Okwara usoni. Kisha akamimina maji. Alimwosha polepole kuliko wote, akamkausha kidole kwa kidole, na minong'ono ikaisha.

Nje, watu walikuwa wamemzunguka wakimsalimu, katekista mbele yao akimtikisa mkono kama pampu. Nilipenya hadi kwake.

"Okwara! Mwaka mzima! Nimeutengeneza ule wa kulia mwaka mzima, wewe unampa Padri wa kushoto!"

Alicheka, akaniwekea mkono begani.

"Fundi," akasema, "ule wa kulia mtu yeyote angekubali kuuosha."